Kabla hujanunua injini nyingine: pikapu kuukuu inapotetemeka, mafundi wa Bwiza huanzia wapi

BUJUMBURA. Mama mmoja anayechuuza mawese kati ya Rumonge na Bujumbura aliambiwa na watu watatu, kwa siku tatu tofauti, kwamba injini ya Hilux yake imekwisha. Wa kwanza alikuwa dereva wake. Wa pili alikuwa fundi wa kando ya barabara ambaye hata boneti hakuifungua. Wa tatu alikuwa na injini ya kumuuzia.

Gari lenyewe ni la miaka ya 1980, la dizeli, silinda nne, usukani kulia kama yalivyo mengi yaliyopita Dar es Salaam kabla ya kufika Burundi, nchi ambayo watu huendesha upande wa kulia. Likisimama na injini ikinguruma polepole, lilikuwa likitikisika hadi kioo cha pembeni kisionyeshe sura ya mtu. Bei aliyotajiwa ya injini ya mtumba ilizidi mtaji wake wote wa mawese. Kwa mchuuzi wa kiwango chake hayo si matengenezo tena. Ni kufunga biashara, au kukopa kwa mtu ambaye mwishoni atakuja kulichukua gari lenyewe.

Aliamua kulipitisha Bwiza kwanza.

Bwiza na jirani yake Buyenzi ni mitaa ambako Kiswahili kinasemwa barabarani sambamba na Kirundi, na ambako sehemu kubwa ya kazi ya gereji hufanyika nje, ukingoni mwa barabara, gari likiwa limeinuliwa kwa jeki na gogo. Anayetoka Kigoma, Uvira au Kampala hahitaji mkalimani hapo. Anachohitaji ni kujua maswali atakayoulizwa, maana fundi anayejua kazi yake huanza kwa kuuliza. Aliyempokea mama huyu, mzee mwenye vidole vilivyokwisha rangi kwa dizeli, hakushika spana kwa robo saa nzima.

“Mama, linatetemeka likiwa limesimama au likitembea?”

“Yote mawili, mzee wangu. Lakini likisimama ndiyo zaidi.”

“Asubuhi tu, au siku nzima?”

Siku nzima. Likiwa na mzigo na likiwa tupu? Sawasawa. Lilianza ghafla au polepole? Polepole, kwa muda wa majuma mawili, na moshi uliongezeka. Majibu hayo matano yalikwisha kuondoa nusu ya magonjwa yanayoweza kuwako. Yeyote mwenye pikapu kuukuu, awe wa Bujumbura au wa Tunduma, anaweza kujiuliza hayo mwenyewe kabla hajafungua pochi.

Injini, au kitu kingine?

Mtetemo wa gari una vyanzo viwili vikubwa: kinachozunguka kwa kufuata injini na kinachozunguka kwa kufuata magurudumu. Kuvitenganisha hakuhitaji mashine. Liache gari limesimama, gia iwe fri, kisha kanyaga mafuta taratibu hadi mzunguko ule ule ambao barabarani huleta mtetemo. Ukitokea pale pale uliposimama, chanzo kiko upande wa injini au klachi. Gari likitulia, itafute shida chini: matairi, ringi za magurudumu, beringi, propela shafti.

Kipimo cha pili hufanywa likitembea. Ukifika kwenye mwendo unaoleta mtetemo, kanyaga klachi na uache injini ishuke. Mtetemo ukiisha, ni wa injini. Ukiendelea, ni wa magurudumu au shafti. Kipimo hiki kifanyike kwenye barabara tambarare, kama zile za bonde la Imbo kuelekea Gatumba au ukanda wa ziwa. Kisifanywe kamwe kwenye mteremko wa kutoka Bugarama. Pale gari lililoachiwa bila gia, na mzigo mgongoni, linabaki na breki peke yake, na breki za pikapu ya miaka 40 si za kuachiwa kazi hiyo.

Kuna na hesabu ndogo ambayo mafundi wengi wanaijua kwa mikono yao hata kama hawajaiandika. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 700 kwa dakika hupiga mlipuko mara mbili katika kila mzunguko, yaani mara 1,400 kwa dakika, au 23 hivi kwa sekunde. Hiyo ni kasi ambayo mkono huisikia kama mvumo tu. Lakini silinda moja ikifa, pengo lake hurudi mara moja kila mizunguko miwili: mara 350 kwa dakika, chini kidogo ya sita kwa sekunde. Huo ni mtikisiko ambao jicho linauona. Bodi inayumba kushoto na kulia, na bomba la moshi linatoa pumzi zisizolingana, kama mtu anayechechemea.

Gurudumu lenye tairi la kawaida la pikapu, likienda kilomita 80 kwa saa, huzunguka kama mara 10 kwa sekunde. Shafti, kwa sababu ya meno ya difu, huzunguka zaidi ya mara nne ya hapo, karibu 40 kwa sekunde. Kwa hiyo mtikisiko mzito unaochezesha usukani hutoka kwenye tairi. Mvumo mwembamba unaowasha makalio na sakafu hutoka kwenye shafti. Dereva anayeweza kumweleza fundi tofauti hiyo huokoa nusu siku.

Hilux ya yule mama ilikuwa ikichechemea.

Kumtafuta mvivu kati ya wanne

Kwenye dizeli ya zamani yenye pampu ya kawaida na mabomba manne ya chuma, mvivu hutafutwa kwa kulegeza nati ya bomba la kila nozeli, moja baada ya nyingine, injini ikiwa inanguruma polepole, au sailensa kama wasemavyo mafundi wa Tanzania. Ukilegeza nati ya silinda nzima, dizeli humwagika nje, injini hupoteza nguvu na sauti hubadilika mara moja. Ukilegeza ile ya silinda iliyokufa, hakuna kinachobadilika, maana haikuwa ikifanya kazi tangu mwanzo. Kwenye injini ya petroli, kama ile ya Peugeot 504 iliyokuwa ikiunganishwa Kenya na Nigeria na ambayo bado inaonekana vijijini, jambo lile lile hufanywa kwa kuchomoa waya wa plagi, kwa koleo yenye mpini wa mpira.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu nimeona vijana wakifanya kazi hii wameinamisha uso juu ya nozeli. Dizeli kwenye bomba hilo hutoka kwa kani inayozidi bar 100. Tairi la pikapu huwa na bar mbili hadi nne. Mchirizi mwembamba wa dizeli unaweza kupenya ngozi na kuingia ndani ya kidole, na kidonda huonekana kama tundu la sindano tu. Aliyechomwa hivyo akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama haumii, kwani mkono unaweza kupotea. Nati hulegezwa nusu mzunguko tu, kitambaa kikiwa juu yake na uso ukiwa mbali. Na kwa Hilux za kisasa, zile za D-4D na nyingine zenye reli moja ya mafuta, kazi hii ni marufuku kabisa, maana humo kani huzidi bar 1,000.

Silinda ya tatu ya yule mama haikubadilisha chochote. Mzee hakusema nozeli imekufa. Aliitoa nozeli ya tatu na ya pili, akazibadilishana nafasi, akaweka washa mpya za shaba chini yake na kuliwasha gari tena. Sasa silinda ya pili ndiyo iliyokuwa mvivu.

Hatua hiyo ndogo ndiyo inayotenganisha fundi na mbahatishaji. Ugonjwa ukihama na nozeli, ni wa nozeli. Ungebaki kwenye silinda ya tatu, ungekuwa wa silinda yenyewe: valvu isiyofunga, tapeti iliyobana kupita kiasi, ringi za pistoni zilizokwisha au gasketi iliyoungua. Hapo geji ya kupima mgandamizo ingehitajika. Dizeli za aina hii zikiwa na afya hutoa bar 30 hivi, na zikishuka karibu na 20 huanza kuwa taabu kuwasha. Hata hivyo, muhimu kuliko namba yoyote ni silinda zote nne kukaribiana. Injini iliyochoka kwa usawa haitetemeki sana. Inakosa nguvu tu.

Basi injini iliyotakiwa kutupwa ilikuwa na nozeli moja mbovu. Kwenye kipimo cha nozeli, ile mashine ndogo ya mpini inayosukuma dizeli kwa mkono, nozeli tatu zilipuliza ukungu mwembamba. Ya nne ilidondosha matone kama bomba lisilofungwa vizuri.

Dizeli ya kwenye dumu

Swali lililofuata ni lile ambalo wenye magari Bujumbura hawapendi kuulizwa: umekuwa ukinunua wapi mafuta?

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2020 Burundi imepita vipindi virefu vya uhaba wa mafuta, na foleni za magari kwenye vituo zimekuwa sehemu ya mji. Petroli na dizeli zimekuwa zikiingia kwa madumu kutoka Uvira upande wa Kongo na kutoka Tanzania, na kuuzwa uchochoroni kwa bei ya juu. Mchuuzi mwenye mzigo unaooza hana anasa ya kusubiri foleni siku tatu. Tumsihi asinunue? Atanunua. La kumwambia ni jinsi ya kuyachunguza anayonunua, pamoja na kumkumbusha kwamba akikamatwa nayo barabarani hasara haitakuwa ya nozeli peke yake.

Dumu lina maadui wawili. Maji ndiyo adui anayeonekana. Jaza chupa nyeupe kwa dizeli hiyo, uiache usiku mzima bila kuitikisa. Maji na taka vitakaa chini, na mpaka wake utauona asubuhi. Kwenye Hilux za zamani kuna skrubu chini ya filta ya dizeli ya kumwagia maji, na juu yake kuna pampu ya mkono ya kuvutia mafuta. Ni sehemu mbili zinazoguswa bila fundi, na wenye magari wengi hawajawahi kuzigusa.

Mafuta ya taa hayaonekani kwa chupa. Huchanganyika na dizeli vizuri, injini huwaka, na kwa wiki mbili za kwanza hakuna anayelalamika. Tatizo ni kwamba pampu na nozeli hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli. Vyuma vilivyosuguliwa kwa usahihi mkubwa huanza kukwaruzana, ncha ya nozeli hukosa kufunga, na matone yanachukua nafasi ya ukungu. Si uchakachuaji wa Burundi peke yake. Tanzania, kupitia EWURA, ilianza mwaka 2010 kutia vinasaba kwenye mafuta ili kuwanasa wachanganyaji, na mwaka 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili bei yake ikaribiane na ya dizeli na faida ya kuchanganya ipotee. Dumu linalovuka mpaka kwa baiskeli halina kinasaba cha kupimwa na mtu yeyote.

Uhaba una madhara ya tatu, yasiyotajwa sana. Gari linaloendeshwa kila siku na tangi karibu tupu huvuta takataka za chini ya tangi, na siku likikauka kabisa huvuta hewa. Hewa kwenye mfumo wa dizeli huleta mtetemo wa kuja na kuondoka, injini ikikata na kurudi. Kipande cha mpira unaopitisha mwanga kikiunganishwa kwenye njia ya mafuta kabla ya pampu huonyesha mapovu yakipita. Mara nyingi kosa ni klipu iliyolegea au mpira uliopasuka, kitu cha dakika kumi.

Mama aliuziwa ncha mpya ya nozeli na filta, tangi lake likaoshwa. Gharama yote, kwa hesabu yake, ilikuwa sehemu ndogo sana ya bei ya ile injini. Aliondoka siku ya pili.

Mtetemo wa asubuhi

Si kila mmoja atakuwa na bahati yake, na kuna dalili moja ambayo nataka msomaji wa safari ndefu aishike. Ni gari linalotetemeka dakika ya kwanza au ya pili tu, asubuhi, kisha likatulia na kwenda vizuri siku nzima. Watu hulizoea. Wanasema linahitaji kupata moto.

Linaweza kuwa jambo dogo. Dizeli za aina hii zina hita plagi nne za kupasha silinda kabla ya kuwasha. Moja ikifa, silinda yake huchelewa kuwaka, gari hutikisika na kutoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli hadi chuma kipate joto. Unabadilisha plagi, yamekwisha.

Lakini gasketi ya sailensa hedi inayoanza kuungua hutoa dalili inayofanana mno. Usiku, maji ya rejeta hujipenyeza kidogo kidogo ndani ya silinda moja. Asubuhi silinda hiyo ina maji, inagoma kwa dakika moja, maji yanatoka kama mvuke mweupe, kisha injini inatulia. Tofauti ziko tatu: mvuke huo haunuki dizeli, maji ya rejeta hupungua bila kuvuja popote chini, na ukiliwasha gari likiwa baridi na kifuniko cha rejeta kikiwa wazi utaona mapovu yakipanda bila kukoma. Ukiona hayo usianze safari ya Kobero wala Manyovu. Kuna siku maji yatakayoingia yatakuwa mengi kuliko nafasi ya pistoni, na maji hayakandamiziki. Fimbo ya pistoni itapinda, na hapo ndipo mwenye injini ya kuuza atakuwa amesema kweli.

Kifuniko hicho hakifunguliwi injini ikiwa ya moto. Wanaojua hilo ni wengi, na makovu ya mikono yao ndiyo yanayosimulia walilijua lini.

Mauntingi hulaumiwa bure

Sehemu inayobadilishwa ovyo kuliko zote ni mauntingi, yale mapande ya mpira na chuma yanayobeba injini juu ya chesisi. Ni rahisi kuyaona na fundi anapata kitu cha kukuonyesha. Lakini kumbadilishia mauntingi gari lenye silinda iliyokufa ni kama kumtandikia mgonjwa wa homa shuka jipya.

Hupimwa hivi: boneti wazi, breki ya mkono imevutwa, dereva anakanyaga breki kwa nguvu, anaingiza gia ya kwanza na kuachia klachi kidogo tu mpaka injini ianze kuvuta, kisha rivasi vivyo hivyo. Hakuna mtu anayesimama mbele wala nyuma. Mtazamaji akiwa pembeni, injini ikiinuka upande mmoja kwa vidole viwili au zaidi, mpira umeachana na chuma. Mpira uliolowa oili hulainika na kuvimba hata kama haujakatika, kwa hiyo kuvuja kwa oili kuzibwe kwanza. Na pande la tatu, lililo chini ya gia boksi, husahaulika kila mara. Nimeambiwa na zaidi ya fundi mmoja kwamba wateja hubadilisha mawili ya mbele, wakarudi na malalamiko yale yale.

Kuna pia mapande mapya ya bei rahisi ambayo mpira wake ni mgumu kama kisigino cha kiatu. Gari lililokuwa likitetemeka kidogo huanza kutetemeka sana baada ya matengenezo, na mwenye gari haamini. Mpira mzuri hubonyea ukiuminya kwa kidole gumba.

Kabla ya kuondoka kwenye injini, toa mikanda yote ya mbele na uwashe kwa muda usiozidi dakika moja, kwani kwenye injini nyingi mkanda huo ndio unaozungusha pampu ya maji. Mtetemo ukitoweka, mkosaji ni oltaneta, feni au pampu. Tazama na puli kubwa ya krenki: ina tabaka la mpira katikati, na mpira huo ukizeeka puli huyumba ikizunguka, jambo linaloonekana kwa macho.

Wenye Mitsubishi L200 za injini ya 4D56 wana habari yao wenyewe. Injini hiyo ina shafti mbili za kupoza mtetemo, zinazozungushwa na mkanda wake mdogo wa meno. Mkanda huo ukikatika unaweza kuuvuta mkubwa wa taimingi na kuharibu valvu, ndiyo maana mafundi wengi huuondoa kabisa. Injini inaendelea kufanya kazi, ila inavuma zaidi, na itavuma hivyo siku zote. Ukinunua L200 iliyokwisha fanyiwa hivyo, usimlipe mtu kutafuta ugonjwa usiokuwapo. Na mkanda ukirudishwa bila alama zake kukutana, mtetemo huwa mbaya kuliko wa injini isiyo na mkanda huo kabisa.

Springi za kuongeza

Pikapu ya tani moja inayobebeshwa tani mbili ni jambo la kawaida katika barabara zote za ukanda huu, na dawa inayotolewa ni moja: kuongeza majani ya springi nyuma. Gari huinuka na mwenye mali hufurahi. Kisha likiwa tupu huanza kuvuma kati ya kilomita 50 na 80 kwa saa, na lawama huenda kwa injini.

Sababu ni pembe. Propela shafti huunganishwa kwa krosi mwanzo na mwisho, na krosi hizo hufanya kazi vizuri tu pale pembe za ncha zote mbili zinapolingana. Ukiinua nyuma ya gari, pembe hubadilika, na shafti huanza kukimbia na kusita katika kila mzunguko. Linalovuma likiwa tupu na kutulia likiwa na mzigo lina springi nyingi mno. Linalovuma likiwa na mzigo na kutulia likiwa tupu lina springi zilizolala, au beringi ya katikati ya shafti ambayo mpira wake umechanika.

Na kama mtetemo ulianza siku ile ile krosi zilipobadilishwa, mwambie fundi aichomoe shafti na kutazama masikio ya ncha zake. Lazima yatazamane katika mstari mmoja. Ikirudishwa jino moja au mawili pembeni, hakuna balansi ya tairi itakayosaidia. Fundi makini hupiga alama ya rangi kabla ya kufungua, na kopo la rangi ni bei ya soda.

Kwa anayepanda kutoka Bujumbura kwenda Gitega au Kayanza kuna mtetemo mwingine usio ugonjwa. Mji uko kwenye mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari, na Bugarama inakaribia 2,200, katika kilomita zisizofika 40. Hewa kule juu ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita. Dizeli isiyo na taabo humimina mafuta yale yale kwenye hewa kidogo: moshi mweusi, nguvu hafifu, na dereva anayeng’ang’ania gia ya tatu hutikisa gari zima. Shusha gia kabla injini haijaanza kugonga.

Ukilazimika kununua

Kuna injini ambazo kweli zimekwisha. Ukifika hapo, masoko ya vipuri vya mtumba ni yale yale yanayojulikana: Gerezani kule Kariakoo, Kirinyaga Road Nairobi, Kisekka Kampala. Bei ya dukani si bei ya mwisho. Cheti rahisi cha asili ya bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachowafaa wachuuzi wenye mzigo usiozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zenye asili ya Jumuiya. Injini iliyotengenezwa Japani haipati nafuu hiyo hata kama umeinunua Dar es Salaam kwa shilingi, kwa hiyo ushuru uwe kwenye hesabu tangu mwanzo. Vilevile, kadi ya gari ya Tanzania na logibuku ya Kenya huandikwa namba ya injini. Gari lenye sahani za nchi hizo likibadilishwa injini bila kadi kubadilishwa huwa mgeni mbele ya afisa wa mpakani.

Na utahitaji maneno. Lugha ya gereji ya Bujumbura imechota kwenye Kifaransa kama ile ya Dar es Salaam ilivyochota kwenye Kiingereza. Klachi ya Mtanzania ni ambrayaji hapa. Propela shafti ni kardani, nozeli ni enjekteri, plagi ni buji, sailensa hedi ni kulasi, na injini yenyewe ni moteri. Madereva wa malori wanayajua yote kwa pande zote mbili. Mchuuzi anayemtuma kijana na ujumbe wa simu ndiye anayeletewa kitu kingine, na kipuri kilichokwisha vuka mpaka hakirudishwi. Mpe namba iliyopigwa kwenye kipuri cha zamani, aina ya injini kama ilivyoandikwa kwenye bloku (2L na 3L za Toyota zinafanana kwa macho, na si kila kitu chao kinaingiliana), au mfungie kipuri chenyewe kwenye gazeti akibebe.